Binti yangu ametundika vyuma vya kutu sebuleni: nitazame nini?

*"Mwalimu, salaam aleikum. Mimi ni mstaafu, nimepakia na kupakua meli bandari ya Kilindini, Mombasa, miaka 31. Binti yangu amesomea sanaa, na mwezi uliopita alinitundikia kazi yake sebuleni, hapa Tudor. Ni vipande vya ubavu wa kontena, nyaya za winchi zilizokatika na vipande vya tairi, vyote vimechomelewa na kufungwa pamoja. Ukubwa wake ni kama mlango. Haina sura ya mtu, mnyama wala chombo, na pale katikati pana bonde la kugongwa. Kutu imeshaanza kuchirizika ukutani. Wenzangu wa barazani wanacheka, wanasema nimehamishia yadi nyumbani. Mwanangu nampenda na sitaki kumvunja moyo, lakini kila nikitazama naona vyuma kuukuu tu. Kuna kitu nisichokiona? Na nikiipaka rangi kuizuia kutu, nitakuwa nimeiharibu?"*

Waaleikum salaam, mzee wangu. Umeuliza maswali mawili: utazame nini, na kutu uifanyeje. Kwangu hayo ni swali moja. Kutu hiyo ni sehemu ya kile unachotakiwa kukitazama, na huwezi kuamua uiguse au uiache kabla hujajua inafanya nini pale. Kwa hiyo mkebe wa rangi uweke chini kwanza.

Nianze na hili la "nisichokiona". Watu wengi wakisimama mbele ya sanaa dhahania, ile isiyoiga sura ya kitu, huipokea kama kitendawili. Wanaamini jibu limefichwa mahali, na wasipolipata wanahisi wamedaiwa mji. Hapa hakuna kitendawili. Binti yako hakuficha ndovu ndani ya hizo nyaya ili wewe umtafute. Kilichopo ukutani ndicho hicho unachokiona: bati nene, waya, mpira, na mambo ambayo mkono, moto na hewa ya chumvi vimeyafanyia vitu hivyo. Kazi yako ni kuona yamefanywa vipi, na yakikaa pamoja yanakufanya uhisi nini.

Na wakikuambia barazani kwamba haya ni mambo ya Wazungu, waulize mkeka wanaoukalia ni picha ya nini. Ukili umesukwa, umetiwa rangi, ukashonwa ukawa mistari na vipembe, na sijapata kusikia mtu akimwuliza mshonaji, "Bibi, hii ni sura ya nani?" Tunaupima kwa macho na kiganja: umekazwa, umelegea, rangi zimepishana vizuri au zimegombana. Milango ya Mji wa Kale imejaa nakshi za namna hiyohiyo, na misafa mingi kwenye miimo yake haiigizi kitu chochote. Pwani hii imeishi na sanaa isiyo na sura kwa karne nyingi. Kilichobadilika kwako ni malighafi: badala ya miyaa na msaji, umeletewa chuma.

Nacho chuma, mzee, wewe unakijua kunishinda. Mimi nilianza kwa kuchomelea mageti kabla sijaingia kwenye sanamu, lakini sijawahi kusimama chini ya mzigo unaoning'inia. Wewe umesimama. Fikiri jinsi ulivyokuwa ukikagua waya wa winchi asubuhi: unaupitishia jicho, unaona uzi mmoja umekatika na kusimama kama mwiba, hatua chache mbele miwili mitatu, kisha mahali waya umetanuka kama kizimba cha ndege kwa sababu ulilemewa halafu ukaachiwa ghafla. Ulikuwa ukisoma uso wa chuma. Ulijua kila alama ilitokana na nguvu gani, na ilikuwa ikikuambia nini kuhusu mzigo unaofuata. Tofauti ya sasa ni kwamba hakuna amri ya kutoa. Waya uliouona ukasema "huu utupwe", binti yako ameuona akasema "huu utazamwe". Mmetumia jicho lilelile.

Kwa hiyo tuanze na uso, halafu twende kwenye umbo. Wasomi wana majina marefu. Mimi wanafunzi wangu nawaambia uso na umbo, basi.

Chagua mahali pamoja padogo. Chukua mshono mmoja wa welding, karibu kabisa, kiasi cha kuusogezea pua. Ukiwa umepigwa na mkono uliotulia, utaona vijiduara vimelaliana mmoja juu ya mwenzake kama sarafu zilizomwagwa kwa mstari. Kila kimoja ni pumzi moja: chuma kiliyeyuka, mkono ukasogea kidogo, kikaganda. Mahali vijiduara vimevimba, mkono ulichelewa. Mahali vimenyooka na kukonda, ulikimbia. Pembeni, kama hapakusuguliwa, huenda bado pana mikanda ya rangi: manjano ya majani makavu, kisha zambarau, kisha buluu. Hakuna aliyepaka. Chuma kikipata moto hujivika ngozi nyembamba ya oksidi, na mwanga unaorudi kutoka juu ya ngozi ukikutana na ule unaorudi kutoka chini yake, rangi nyingine huuawa na nyingine hubaki. Ni hesabu ileile ya mafuta yanayoelea juu ya maji pale Likoni. Rangi ya majani makavu hutokea chuma kikifika karibu nyuzi 230 za Selsiasi, buluu karibu 300. Ukiona buluu ipo vidole viwili kutoka kwenye mshono, unajua joto lilitembea hadi hapo likachoka.

Kisha angalia kingo. Kipande kilichokatwa kwa gesi kina mistari midogo midogo, imeinama upande mmoja kama nyasi kwenye upepo. Kilichokatwa kwa mashine ya kukatia mabati huanza na ukanda unaong'aa na kuishia na ukanda uliochanika. Kilichokatwa kwa grainda hubaki na mikwaruzo ya duara. Ukijua haya matatu, kazi iliyokuwa "vyuma tu" inagawanyika mbele yako: huku alikuwa na haraka, huku alibembeleza, huku aliacha makusudi kilichochanika kionekane.

Hilo bati lenyewe lina ukoo wake. Makontena hujengwa kwa chuma cha kundi la COR-TEN, kilichoanza kuuzwa na kampuni ya Kimarekani mwaka 1933. Kimetiwa shaba, kromi na nikeli kidogo ili kutu yake ya kwanza ikaze na kuwa ngozi ya kulinda kilicho chini. Chuma cha jamaa hiyo ndicho Richard Serra, mchongaji wa Marekani aliyefariki mwaka 2024, alikipinda kuwa kuta za kutembea ndani yake. Jumba la makumbusho la Guggenheim kule Bilbao, Uhispania, lina kundi la kazi zake lenye uzito wa zaidi ya tani 1,000, lililokamilika mwaka 2005. Namtaja kwa sababu ya baba yake, aliyekuwa fundi wa mabomba kwenye karakana ya meli San Francisco. Serra akiwa mtoto mdogo alipelekwa kuona meli ikishushwa majini, na alisimulia maishani mwake kwamba lile jambo la kitu kizito kupindukia kugusa maji na papo hapo kuwa chepesi halikumtoka tena. Nadhani kati ya wote wanaosoma hapa, wewe ndiye huhitaji kuelezwa alichokiona.

Na yale mawimbi ya ubavu wa kontena? Nayo ni ya bandarini. Henry Robinson Palmer, mhandisi wa kampuni ya gati za London, ndiye aliyechukua hataza ya bati la mawimbi mwaka 1829. Shika karatasi bapa ukingoni, itainama. Ikunje mikunjo, itasimama. Kila mkunjo unageuka kuwa boriti ndogo, ndiyo maana bati la unene wa milimita mbili hivi linastahimili safari ya bahari. Kwa hiyo ukitazama ile mistari ya wima sebuleni mwako usione pambo. Ni nguvu iliyokunjwa. Binti yako akiikata mistari hiyo katikati na kuigeuza ilale, amekivunja kitu kilichokuwa kimebeba, na jicho linajua hivyo hata kabla akili haijapata neno. Ndiyo ile hali ya kutotulia unayoweza kuisikia ukitazama, kama ipo.

Sasa rudi nyuma mpaka mlangoni. Kutoka hapo mishono haionekani, linabaki umbo: wapi ni pazito, wapi pana pumzi, mistari inakwenda wapi na inakatishwa na nini. Jicho lako linaingilia wapi? Linakwama wapi? Jaribu kufumba jicho moja na kulifunika bonde kwa kiganja. Kazi ikilala kama shuka, basi bonde ndilo lililokuwa likiikamata. Fanya hivyo pia kwa waya, halafu kwa mpira. Hiki ndicho kipimo changu cha kazi nzuri na kazi ya kubahatisha, na nakupa bila kificho: ukiondoa kipande kwa macho na hakuna kinachopungua, kipande hicho kiliwekwa kujaza nafasi. Zipo kazi nyingi za vyuma chakavu za namna hiyo, zimerundikwa tu, na kutu ikaachwa ifanye kazi ambayo msanii hakuifanya. Huna wajibu wa kuzipenda, hata ya mwanao.

Mwanga pia unasema mengi. Taa ya katikati ya dari huua uso wa chuma, kila kitu huwa bapa. Zima. Subiri saa kumi na moja jioni, jua likiingia kwa ubavu kupitia dirishani, au usiku shika tochi uiegemeze karibu na ukuta imulike kwa pembeni. Kila kovu litajitokeza na kivuli chake. Kisha, ukiwa umenawa mikono, weka kiganja kwenye mpira, halafu kwenye bati. Makumbusho hawaruhusu, lakini wewe uko kwako. Mpira unapokea joto la mkono na kukurudishia, chuma kinaliiba. Ndiyo maana viwili hivyo vikikaa jirani jicho huviona kimoja laini na kingine baridi, hata kama havijaguswa.

Nitoke nje kidogo. Zile pembe kubwa za bandia za ndovu pale Moi Avenue, Mombasa, kila mgeni anazipiga picha. Ni za karatasi za alumini, kazi ya miaka ya 1950, zilijengwa kwa ajili ya ziara za jamaa ya kifalme ya Uingereza. Malighafi ya kiwandani kabisa. Lakini nani amewahi kuitazama ile alumini? Ukishasema "pembe za ndovu", jicho limeshafunga duka. Kazi ya binti yako haikupi jina la kufungia duka, na nafikiri hicho ndicho kinachokuchosha. Pia ndiyo faida yake.

Wenzako waache wacheke, si wa kwanza. Mwaka 1976 magazeti ya Uingereza yaliwaka moto baada ya kugundua kwamba jumba la sanaa la Tate, London, lilinunua kazi ya mchongaji wa Marekani Carl Andre ambayo ni matofali 120 ya tanuri, yamepangwa sakafuni tabaka mbili. Nikuambie ukweli, mimi kazi ile hainisisimui mpaka leo. Inayonisisimua ni ya El Anatsui, Mghana aliyefanya kazi miaka mingi Nsukka, Nigeria. Huchukua vifuniko vya chupa za pombe kali, vikapondwa na kukunjwa, vikashonwa kwa nyaya za shaba kwa maelfu, mpaka vinakuwa kama nguo kubwa inayoanguka ukutani na mikunjo yake. Kila inapotundikwa hukunjwa upya, kwa hiyo haina umbo moja la kudumu. Mwaka 2015 alipewa tuzo ya Simba wa Dhahabu kwenye maonyesho makubwa ya sanaa ya Venice, Italia, kwa kazi ya maisha yake. Ukisogea karibu unaona takataka za baa. Ukirudi nyuma unaona kitambaa. Jicho linakwenda na kurudi na halikubali kuchagua.

Tuje kwenye kutu. Chuma hakikuzaliwa chuma. Kilitolewa ardhini kikiwa kimeshikana na oksijeni, tanuri likavitenganisha kwa nguvu, na tangu siku hiyo kinatafuta njia ya kurudiana. Kinachohitaji ni maji na hewa. Chumvi huharakisha ndoa hiyo, kwa sababu huvuta unyevu na kuyafanya maji yapitishe umeme, nako kutu ni jambo la umeme mdogo unaotembea juu ya chuma. Hapa ndipo watu wengi wanakosea: wamesikia COR-TEN hujilinda, wakadhani hata Mombasa itajilinda. Ile ngozi inahitaji kulowa na kukauka kwa zamu, tena bila chumvi. Chumvi ya bahari huizuia isikaze. Tudor uko ukingoni mwa maji, na upepo wa kusi ukivuma chumvi inaingia mpaka kabatini. Zaidi ya hapo, kingo zilizokatwa hazina tena rangi ya kiwandani. Kwa hiyo usitarajie kutu isimame yenyewe. Kama amefungia kwa waya wa shaba, pale shaba inapogusa chuma kitaliwa kwa kasi zaidi. Unazikumbuka zinki zinazofungwa kwenye matumbo ya meli ziliwe badala ya meli, hapa chuma ndicho kimewekwa kuwa zinki.

Rangi usipake. Ukipaka, zile buluu, mikwaruzo na mistari niliyokueleza zote zinazikwa, na utakuwa umetundika ubao wa rangi. Kwa hakika hata Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya 2001 inampa msanii haki ya kupinga kazi yake isibadilishwe kwa namna ya kuiharibia heshima. Binti yako hatakupeleka mahakamani, ila muulize kwanza.

Vanishi ya kung'aa nayo siipendi. Inabadilisha uso ukawa kama umelowa, na ikipata mkwaruzo mmoja unyevu huingia chini yake, kutu ikatambaa kama mchwa huku juu panaonekana pazima. Ninachokifanya kwenye kazi za ndani ni nta. Shusha kazi, ifute kwa kitambaa na maji matamu kutoa chumvi. Maji ya kisima usitumie, mengi ya hapa mjini yana chumvi yenyewe. Ikaushe siku nzima ya jua kali, mpira ukiwa umefunikwa, brashi kutu iliyolegea tu, kisha paka nta nyembamba chuma kingali na joto la jua na usugue kwa kitambaa. Rangi itakolea kidogo. Utarudia kila mwaka, labda mara mbili. Kutu haitakoma, itapunguza mwendo. Mpira usiupake nta wala petroli. Ukae tu mbali na jua la moja kwa moja, la sivyo utapasuka.

Ukutani, weka vigingi vya mpira au mbao nyuma ili kazi isimame vidole viwili mbali na chokaa, hewa ipite. Michirizi iliyopo watu watakuambia usugue kwa ndimu. Kwenye vigae sawa. Kwenye ukuta wa chokaa, ndimu itakula chokaa pamoja na kutu, upate doa kubwa zaidi. Acha ikauke, kwangua kidogo, upake chokaa upya.

Mambo matatu usiyamalize peke yako wala kwa kuniandikia mimi. La kwanza ni uzito. Kazi ya ukubwa wa mlango, ya bati la kontena na nyaya, haipaswi kushikwa na misumari. Kama ukuta ni wa mawe ya matumbawe na chokaa, au bloku za matundu, skrubu ya kawaida itang'oka siku moja usiku. Mwite fundi aje auone ukuta, na mpaka aje usimruhusu mjukuu kucheza chini yake. La pili ni rangi ya zamani iliyobaki kwenye bati. Rangi za zamani za meli na makontena zinaweza kuwa na madini ya risasi, kwa hiyo usiisugue kwa msasa ndani ya nyumba. La tatu, ukijikata, kutu yenyewe haileti pepopunda. Huletwa na vijidudu vinavyoishi kwenye udongo na uchafu, na chuma cha yadi kimelala kwenye huo udongo. Osha jeraha, nenda kituo cha afya siku hiyohiyo waangalie kama sindano yako bado inakulinda.

Halafu lile bonde. Sijaiona kazi, siwezi kulisemea. Lakini kontena lililochomwa na uma wa fokolifti halifanani na lililogongwa na kona ya kontena jingine likishushwa na krini, na hayo mawili hayafanani na bati lililopigwa nyundo karakanani. Yaelekea binti yako alilikuta bonde pale yadi akalipenda umbo lake, hajui liliingiaje. Mwite jioni, mshike tochi, umwonyeshe.